Sanduku Namba Themanini na Nane

Karakana ya Maboksi
2 Februari

Mwanangu Kobe,

Fungua kifurushi hiki ukiwa umekaa. Ukianguka, sitaki kesi na mwalimu wako wa maktaba.

Umekiona? Hicho kitambaa ni ramani yako. Mji wote wa Kimyani, ulioniletea kwa wino kwenye karatasi nane, sasa uko kwenye pamba yenye upana wa meza. Mchapaji alileta vitambaa mia tatu jana. Mwanangu wa kumzaa, yule aliyekaa miaka mitatu mbele ya kompyuta akitengeneza mchezo huu hadi macho yakawa mekundu, alikitandaza kimoja sakafuni, akavua viatu, akalala juu yake. Nikamwambia, "Inuka, unawalalia watu majumba yao."

Sebule yangu si sebule tena. Masanduku yamepangwa mpaka dirishani na jirani anadhani ninahama. Kila sanduku linabeba vitu vitano: diski ya mchezo, kitabu cha picha, sanamu ya Mwizi Anayerudisha akiwa na gunia mgongoni, kadi yenye namba, na ramani yako. Waliochangia kidogo mtandaoni watapata mchezo wa kupakua tu. Ramani ni ya wenye masanduku peke yao, ndiyo maana wanaigombania.

Hawa wanaokusanya masanduku ya michezo ni watu wa ajabu, mwanangu. Mmoja aliniuliza gundi yetu inanukaje. Nikamwambia inanuka gundi. Akashukuru!

Lakini kuna mmoja nimempenda, mwenye namba 88. Alikuwa amechangia kidogo. Alipoona kipande cha ramani kwenye ukurasa wetu, na chini yake maneno "Ramani: Kobe", akaongeza mchango siku hiyo hiyo ili apate sanduku. Kisha akaniandikia barua kwa mkono wake, mwandiko umenyooka kama uzi. Anasema, "Mkono huu ningeutambua hata gizani." Umeona? Una shabiki kabla hata hatujatuma.

Najua kwenu hamna simu. Hukuniambia kwa nini, nami sikuuliza. Basi niandikie, hata mistari mitatu. Tunaanza kutuma tarehe 24.

Mama yako wa hiari,
Mama Maboksi


Maktaba ya Shule
7 Februari

Shikamoo Mama Maboksi,

Kifurushi kimefika. Nimekifungua nikiwa nimekaa, nyuma ya rafu ya kamusi ambako hakuna anayekuja. Ramani ni nzuri kuliko nilivyoichora. Mfikishie kaka shukrani zangu.

Nina ombi. Naomba ramani zisitumwe kama zilivyo. Ule mlango wa kijani ulioandikwa "Maficho ya Mwizi", mlango wa tatu baada ya bekari, nimeuchora vibaya. Haulingani na majengo ya jirani. Pia mnara wa maji nimeupa miguu mitatu, na kila mtu anajua minara ina minne. Watu watatucheka. Naweza kuuchora upya mtaa wote ule kwa siku mbili. Kwenye kitabu cha picha pia naomba jina la Kobe liondolewe. Ramani haihitaji jina.

Na naomba kuuliza, si kwa ubaya: huyo mwenye namba 88 anaitwa nani? Anaishi upande gani?

Tafadhali nijibu haraka. 

Wako,
Kobe


Karakana ya Maboksi
12 Februari

Kobe mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti, na mwanangu akacheka mpaka akadondosha kijiti cha gundi. Si kukucheka wewe. Alisema, "Mama, huyu ni msanii kweli. Msanii gani anayeipenda kazi yake ikishachapwa?"

Haiwezekani, mpenzi. Vitambaa mia tatu vimekwisha chapwa na kukunjwa. Waliochangia wamesubiri miaka mitatu, na mwezi uliopita mmoja aliandika hadharani kwamba sisi ni matapeli na masanduku hayapo. Nikichelewesha hata wiki moja, watapata la kusema. Tena mnara wako wa miguu mitatu ndio watu wanaousifu zaidi! Acha kujitesa. Maji yamekwisha mwagika, na yamemwagika mahali pazuri.

Kuhusu jina na anuani ya mwenye namba 88, hapana. Majina ya wateja ni kama nguo za ndani, hayaanikwi barabarani. Yako nayo nimeyatunza hivyo hivyo. Juzi aliniuliza unaishi wapi apate kukushukuru. Nikamjibu kwamba mchoraji ni mtoto wa shule, mwenye haya, na anuani yake sitoi kwa mtu. Hakukasirika hata kidogo. Muungwana kabisa.

Kula, lala, soma.
Mama Maboksi


13 Februari

Mpendwa Mama wa Maboksi,

Asante kwa jibu lako. Umefanya vema kumlinda mchoraji. Laiti watu wote wangekuwa waaminifu kama wewe.

Basi sitauliza tena anapoishi. Ila wewe sasa umetuzoea sisi wakusanyaji, unajua maradhi yetu: takataka za wengine kwetu ni hazina. Nina kabati lenye masanduku mia moja na kumi na mawili, na kinachonifurahisha si sanamu wala diski. Ni vile vitu ambavyo havikukusudiwa kuwemo. Karatasi ya majaribio ya mchapaji. Utepe uliokatwa vibaya.

Je, bahasha iliyobeba michoro ya kwanza ya Kobe bado unayo? Tupu tu. Ningeiweka kwenye fremu. Kama umeitupa, usijali.

Naomba pia sanduku langu lifungwe kwa uangalifu kwenye kona. Kona zikibonyea, roho yangu nayo hubonyea.

Mteja wako mwaminifu,
Namba 88


Karakana ya Maboksi
17 Februari

Ndugu Namba 88,

Una bahati. Mimi ni mtu wa kutunza bahasha. Nimeigeuza mbele na nyuma, haina anuani ya mtoto, kwa hiyo sioni kosa. Nimeilaza chini ya ramani, katika sanduku lako tu. Usiwaambie wengine, watanila mbichi.

Kona nimezifunga kwa karatasi ya mapovu mara mbili.

Mama Maboksi


Maktaba ya Shule
18 Februari

Shikamoo Mama Maboksi,

Nilikudanganya. Mlango wa kijani sikuuchora vibaya. Nimeuchora sawasawa kabisa, na hapo ndipo penye tatizo.

Mimi sijui kubuni mji. Kaka alipotangaza kwamba anamtafuta mchoraji wa Kimyani, nilijaribu siku kumi, na mitaa yangu yote ikawa kama tambi zilizomwagika. Mwishowe nikachora njia ninazopita: nyumbani hadi bekari, bekari hadi shule, shule hadi sokoni. Ikawa mji. Mnara wa miguu mitatu upo. Mguu wa nne uligongwa na lori kabla hatujahamia hapa, na mnara ukaendelea kusimama. Bekari ipo. Mlango wa kijani ni mlango wetu.

Ninaishi na mama mdogo. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Zamani tulikaa mji mwingine pamoja na mumewe, baba mdogo. Huyo ndiye aliyenifundisha michezo ya kompyuta. Alikuwa na kabati la masanduku, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa ila mimi, tena nikiwa nimenawa mikono. Siku moja mama mdogo alilisogeza ili afagie, sanduku likaanguka, kona ikabonyea. Alimvunja mkono. Mkono mzima kwa ajili ya kona ya karatasi. Haikuwa mara ya kwanza, ila ndiyo mara tuliyoondoka.

Tumehama mara tatu. Mara mbili za kwanza alitupata kwa simu, ndiyo maana hatuna simu. Hapa tuna miaka miwili na hajatupata. Hakimu alitoa amri asimkaribie mama mdogo, lakini kila alipokuja, alihakikisha hakuna shahidi.

Kobe ni jina alilonipa yeye. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo mpaka wewe. Nilidhani jina la utani linaficha. Sijui nilifikiriaje.

Najifariji kwamba ramani haitaji mji wetu. Mtu mwenye ufunguo asiyejua nyumba bado yuko nje. Lakini siwezi kulala. Tafadhali, usimtumie ile. Ndani ya bahasha hii nimeweka nyingine, nimeichora wiki hii. Mlango wa kijani nimeuhamishia ng'ambo ya reli kusiko na nyumba. Mpe hiyo yeye peke yake.

Mama mdogo hajui lolote. Hajui hata kwamba nilichora. Nakuomba asijue.

Kobe


Karakana ya Maboksi
25 Februari
Kwa mjumbe wa haraka, mkononi mwa mwalimu wa maktaba

Mwanangu,

Barua yako imefika leo saa tatu. Gari la vifurushi lilichukua masanduku ya namba 1 hadi 120 jana asubuhi.

Nimekwenda ofisini kwao. Nimegombana, nimebembeleza, nimelia mbele ya kijana wa kaunta anayelingana na mjukuu wangu. Sanduku limekwisha ondoka. Litafika kwake baada ya siku nane au kumi.

Kuna jambo baya zaidi, na sitakuficha. Aliniomba bahasha iliyobeba michoro yako. Tupu tu, alisema. Niliigeuza nikaona haina anuani, nikajiona mjanja. Muhuri wa posta sikuutazama, Kobe. Jina la mji wenu limo ndani ya ule muhuri, na bahasha nimeilaza kwa mikono yangu chini ya ramani.

Ile ramani ya pili nimeiona. Hata kama ingewahi, isingetusaidia. Wakusanyaji hupiga picha kila kitu siku kinapofika na kulinganisha. Ndani ya saa moja angejua ramani yake haifanani na za wenzake, na mahali penye tofauti ndipo angeanzia kutafuta. Ungekuwa umemwekea kidole juu ya mlango wenu.

Sasa nisikilize kama ningekuwa nimekuzaa. Mwambie mama yako mdogo leo. Si kesho. Unataka kulitengeneza jambo hili kimyakimya ili asikukasirikie, nakuelewa, nami nilikuwa hivyo kwa umri wako. Lakini siku hizi nane si zako, ni zake. Usimwibie.

Sikupigia shule simu. Ningemwachia karani ujumbe gani?

Nisamehe. Mimi ndimi niliyemsifu.
Mama Maboksi


Nyumbani
26 Februari

Mama,

Nimeweka karatasi hii kwenye mfuko wa aproni yako kwa sababu nimejaribu mara mbili kusema jikoni na sauti haikutoka. Tafadhali isome umekaa, halafu soma barua zilizo chini ya mto wangu. Zote, na hiyo ya Mama Maboksi ya leo uianze. Zitakueleza kila kitu vizuri kuliko mimi.

Kuna kitu kimoja hakimo ndani ya barua hizo. Sijamwambia hata Mama Maboksi.

Nilipoandika "Kobe" chini ya ramani, sikuwa nimesahau kwamba ni jina alilonipa baba mdogo. Nilikumbuka. Nilikaa na kalamu kwa muda. Shuleni hakuna anayejua kwamba nachora, na wewe unarudi kutoka bekari umechoka mpaka unalala na viatu. Yeye alikuwa anazitundika picha zangu ukutani. Nilikuwa namwogopa na bado nilitaka aione. Si ajue tulipo, hapana, naapa. Aione tu, aseme "Kobe, umeweza."

Sijui mtu wa namna hiyo anaitwaje.

Ukisema tuhame usiku huu, begi langu liko tayari.

Mwanao


Nyumba yenye mlango wa kijani
28 Februari
Kwa mjumbe wa haraka

Mama Maboksi,

Hatujuani. Mimi ndiye mama mdogo.

Nimesoma barua zote nikiwa nimekaa juu ya gunia la unga, na mikate ya saa kumi na moja ikaungua. Sijamwambia mtoto neno tangu juzi. Si hasira peke yake. Naogopa nikifungua mdomo nitatoa neno nisiloweza kulirudisha, na yeye ni wa kulibeba neno maisha yake yote. Nampikia, nampa nauli, nanyamaza. Nitasema nitakapoweza.

Wewe sikulaumu. Mimi niliishi naye miaka saba na aliendelea kunishangaza kwa uungwana wake mbele za watu.

Nilifungasha, nikafungua, nikafungasha tena. Kisha nikafikiri: nikihama mara ya nne, mtoto ataacha shule ya nne, na mwaka ujao bahasha nyingine itatuumbua. Nimechoka kuwa mtu wa kupatikana. Jana nilikwenda kituoni nikamwona askari wa kike aliyeipokea amri ya hakimu tulipofika. Akaniambia shida ni ile ile: amekuja mara mbili na hakuna karatasi inayoonyesha kwamba ananitafuta. Nikamwambia, safari hii zipo karatasi. Ameandika kwa mkono wake.

Nakuomba barua zake halisi, si nakala. Na nakuomba jambo gumu: usimwonyeshe kwamba umejua. Masanduku mengine yatume. Wale watu hawajanikosea.

Mama Mdogo


Karakana ya Maboksi
3 Machi
Kwa mjumbe wa haraka

Mama Mdogo, mdogo wangu,

Barua zake zote tatu zimo humu, na bahasha zake. Safari hii nimetazama mihuri.

Leo nimemwandikia, sukari tupu. Nimemuuliza kama kona za sanduku zimefika salama. Kwa hawa watu hilo ndilo swali la mapenzi, hawezi kuacha kulijibu. Akijibu, barua yake itakuja kwako siku hiyo hiyo hata kama nitaibeba kwa miguu.

Vyumba viwili kwangu vimepata nafasi. Ukibadili mawazo, mlango uko wazi, na ukija na mtoto wako uje naye mnaongea. Kimya chako kinamla mtoto. Najua sijaulizwa.

Dada yako,
Mama Maboksi


6 Machi

Mpendwa Mama wa Maboksi,

Kona zote salama! Hongera. Sanduku limefika jana, nami nimelifungua polepole, kama inavyostahili. Mchezo wenyewe sijaugusa. Nimekaa na ramani jioni nzima.

Sijui nikushukuruje kwa ile bahasha. Ndicho kitu cha thamani kuliko vyote nilivyowahi kupewa. Mtoto huyu ana macho. Ukimfuata mtaa kwa mtaa unaweza kuhisi harufu ya mikate.

Ukiniandikia na nikachelewa kujibu, usinidhanie vibaya. Alhamisi tarehe 13 nitakuwa safarini. Kuna watu wangu sijawaona kwa muda mrefu.

Mteja wako mwaminifu,
Namba 88

(Mama Mdogo, nimeipokea saa hii, tarehe 10. Anakuja Alhamisi. Naomba mtu mmoja kati yenu aniandikie Ijumaa, hata neno moja. M.M.)


Nyumbani
14 Machi

Wazima.

Mwanao


Nyumbani
17 Machi

Shikamoo Mama Maboksi,

Nisamehe kwa neno moja la Ijumaa. Sikuwa na mengine.

Alhamisi mama mdogo alinituma shule kama siku zote. Nilikataa, nikashika mguu wa meza. Hapo ndipo alipoongea nami kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Alisema, "Wewe umekwisha kunitazama nikipigwa. Leo hutanitazama hata nikishinda. Nenda." Nikaenda. Tulikuwa na mtihani wa jiografia. Swali la nne lilikuwa la kusoma ramani. Sikuliandika.

Kwa hiyo ninayokueleza nimeyapata kwa mwenye bekari, na mama mdogo hakuyapinga.

Yule askari wa kike na mwenzake walikaa bekari tangu Jumatano bila sare. Mwenye bekari analalamika kwamba serikali imemlia mikate kumi na minane. Saa tano asubuhi baba mdogo akatokea upande wa mnara. Amevaa vizuri, shati limepigwa pasi. Alikuwa amekunja ramani ukubwa wa kiganja, mtaa wetu tu ukionekana. Alipofika bekari akaanza kuhesabu milango kwa kidole. Wa kwanza. Wa pili. Kwenye mlango wa tatu akaikunja ramani taratibu, akaitia mfukoni, akabisha hodi kwa upole, mara tatu.

Mama mdogo hakuwemo ndani. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, unga mpaka viwiko. Walikuwa wamekubaliana na askari kwamba asitoke bekari. Alitoka. Alimwita kwa jina lake lote, kwa sauti ambayo mwenye bekari anasema hakujua anayo. Anasema alizoea kumsikia akinong'ona bei. Watu wa mtaa mzima wakageuka. Fundi viatu akaja na nyundo yake. Wauza mboga wakaja. Safari zote alikuja pasipo na shahidi, na Alhamisi walikuwa kama arobaini.

Alitabasamu, Mama Maboksi. Alisema mbele yao wote, "Kwani kuna nini? Nimekuja kumwona Kobe tu."

Mama mdogo akamjibu, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Askari wakamchukua. Ramani na bahasha alivyokutwa navyo vimewekwa pamoja na barua zake kituoni, na kesi itasikilizwa tarehe 2 mwezi ujao. Askari ametuonya kwamba haya hayajaisha. Anaweza kupata wakili mzuri, anaweza kutoka kwa dhamana. Tunafunga mlango kwa makomeo mawili. Usiku nasikia mama mdogo akiamka kuyatazama makomeo, na yeye anasikia mimi nikiamka.

Nilirudi nyumbani siku ile nikamkuta ananawa mikono. Nikasimama mlangoni. Nikamuuliza kama ananichukia kwa yale niliyoandika kwenye karatasi ya aproni. Alinawa mpaka unga wote ukatoka, akafunga bomba. Akasema, "Mimi nilimpenda mtu yule kabla hujamjua. Ningekuchukia vipi wewe kwa kutaka akusifu? Nami nilitaka hivyo hivyo miaka saba." Kisha akasema, "Lakini ulinificha siku kumi na tisa. Hizo utanilipa." Nikauliza nitazilipaje. Akasema atafikiri.

Jana, Jumapili, akaniambia nilete ramani. Ile uliyonitumia mimi. Hakuwa amewahi kuiona. Aliitandaza kitandani akaitazama muda mrefu, nami nikawa nauma ukucha. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Fundi viatu umemweka upande siyo." Nikabisha. Akavaa kanga, akasema, "Twende tukaone."

Tukatoka mchana kweupe na ramani mkononi mwake, wazi, watu wakitutazama. Fundi viatu nilikuwa nimemkosea kweli, yuko kushoto. Ngazi za soko ni tisa, mimi nilichora saba. Kila kosa alilonipata alifurahi kupita kiasi. Alinitania njia nzima: "Mchoraji gani wewe? Mji mzima ungepotea!" Tukafika kwenye barabara kubwa nyuma ya shule, ambako pindo la kitambaa linaishia.

Akauliza, "Mbele kuna nini?"

Nikasema sijui. Tulipohamia tulikubaliana tusivuke barabara ile, kwa sababu ndiko mabasi ya kutoka mbali yanakosimama.

"Miaka miwili hujui?"

"Na wewe je?"

 Alitazama kulia, akatazama kushoto, mara mbili. Mkono wake ule uliovunjwa ukanishika. Tukavuka.

Kwa hiyo nina habari kwa kaka, kama kweli mnafikiria kuchapa toleo la pili. Nitaichora Kimyani upya, safari hii ya kubuni, hata ikinichukua mwaka na mitaa ikawa tambi. Na chini yake msiandike Kobe. Jina langu nimeliandika kwenye karatasi ndogo niliyoibana nyuma ya barua hii.

Ila hili la ng'ambo ya barabara si la ramani, ni la kwako tu. Kuna fundi baiskeli. Kuna ukuta mrefu wa manjano. Kuna bwawa dogo, na mama mdogo alikaa ukingoni, akavua viatu, akatia miguu majini kana kwamba hana haraka yoyote duniani. Mimi nilikaa kando yake nikigeuka kutazama barabara kila dakika. Yeye hakugeuka.

Mwanao wa hiari